Milimita 77: historia ya gari fupi la rimoti

Nimepotea kwa wiki tatu hivi na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimechoka na blogu. La, sijachoka. Ni vile tu mkono ulikuwa umeshika msumeno badala ya kibodi.

Nilinunua gari la rimoti la mtumba, la kipimo cha moja kwa kumi, lile la aina ya kupanda mawe na kupita njia mbovu polepole. Lilikuwa refu. Nami nilitaka Land Rover fupi, ile ya milango miwili iliyokuwa ikipita kwetu nikiwa mtoto. Basi nikakata chasisi, nikaondoa milimita 77 katikati, nikaunganisha tena kwa skurubu, nikalipeleka kwenye mteremko wa changarawe nyuma ya ploti. Lilipanda nusu ya kilima, likainua pua kama farasi, likaanguka chali. Nikaliinua. Likaanguka tena. Mara kumi na moja kwa alasiri moja, watoto wa jirani wakihesabu kwa sauti!

Jioni ile badala ya kulala nilianza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufupisha gari na kujuta. Kumbe wako wengi, tena wengine ni wahandisi wenye majina makubwa. Ndiyo maana leo badala ya kuwaletea maagizo ya "fanya hivi, fanya vile", nawaletea historia. Mwishoni nitawaambia gari langu liko wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Nikisema "umbali wa ekseli" nina maana ya umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ndilo jambo ambalo makala hii yote inazunguka.

Kabla ya gari, mashua

Ukiwauliza watu wengi gari la rimoti lilianzia wapi watakuambia Japani. Si kweli kabisa. Mwaka wa 1898, katika jumba la Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyokuwa ikielea kwenye bwawa na kugeuka bila waya wowote. Tarehe 8 Novemba mwaka huo huo alipewa hataza nambari 613,809 ya Marekani. Kichwa cha hataza hiyo kinataja vyombo vya majini na magari pia, kwa hivyo mzee huyu alikuwa ameshaliona gari letu kabla ya redio ya kawaida kuingia nyumbani kwa mtu yeyote.

Mashua ya Tesla haikupokea sauti wala namba. Ndani yake kulikuwa na kichupa chenye vumbi la chuma. Wimbi la redio likifika, vumbi hushikana na kupitisha umeme, kisha lazima litikiswe ili liachane na kusubiri wimbi jingine. Ni kama programu yenye kitufe kimoja tu: kila ukibonyeza inasogea hatua moja mbele kwenye orodha. Kushoto, katikati, kulia, katikati. Ukitaka kulia na uko kushoto, lazima upitie katikati kwanza. Mhispania Leonardo Torres Quevedo naye alitengeneza mtambo wake, Telekino, mwaka wa 1903, na mwaka wa 1906 akauonyesha huko Bilbao akiendesha mashua kutoka ufukoni.

Mtindo huo wa hatua kwa hatua ulidumu muda mrefu ajabu. Ndugu wawili Wamarekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao ndogo iitwayo Guff kwa redio mwaka wa 1937 (leo imehifadhiwa na Smithsonian). Hata baada ya Vita vya Pili, wapenzi wengi wa ndege ndogo walikuwa bado wanatumia mpira uliosokotwa kama nguvu ya kugeuza usukani: alama moja ya redio inaachilia mpira uzunguke robo, basi. Jaribu kupanda jiwe kwa gari ambalo usukani wake una hali tatu tu!

Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale mfumo wa kidijitali wa uwiano ulipopatikana Marekani. Badala ya kusema "geuka", redio ikaanza kusema "geuka kiasi hiki". Kiasi chenyewe kinaelezwa kwa urefu wa mpigo wa umeme: takriban mikrosekunde 1000 ni upande mmoja kabisa, 2000 ni upande wa pili, na 1500 ni katikati. Mpigo huu hurudiwa kama mara 50 kwa sekunde. Ndani ya sevo kuna kipimo kinachosema mkono uko wapi sasa, na saketi inalinganisha mahali ulipo na mahali unapotakiwa kuwa, kisha inazungusha mota mpaka tofauti iishe.

Nataka mpumzike hapo kidogo ninyi waandishi wa programu. Ukiandika leo kwenye Arduino amri ya kupeleka sevo katikati, unaandika 1500. Namba ile ile! Lugha tunazotumia kazini zinabadilika kila baada ya miaka mitatu, lakini makubaliano haya ya sevo yamekaa zaidi ya miaka sitini, na sevo mpya ya leo inaongea na kipokezi cha zamani bila tafsiri. Hiyo ndiyo inaitwa API iliyotulia.

Gari linaingia, na linaingia kwa mbio

Kampuni ya Kiitaliano ya Elettronica Giocattoli ilitoa Ferrari 250 LM ya redio mwaka wa 1966, nalo ni mojawapo ya magari ya kwanza ya aina hii kuuzwa madukani. Lakini aliyelifikisha gari la redio kwa watu wa kawaida ni Tamiya wa mji wa Shizuoka, Japani. Mwaka wa 1976 walitoa Porsche 934 ya redio. Ilitokana na mfano wa plastiki usioenda, wa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, na katika kufuatilia usahihi wake kampuni ilinunua Porsche 911 halisi ikaifungua vipande vipande. Sijui bosi wako angesema nini ukimwomba bajeti ya aina hiyo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mbio. Magari ya mchangani kama Sand Scorcher yalitoka 1979, kisha yakaja ya mashindano. Watu walitaka kasi, na kasi hupenda gari refu lililo chini. Redio zilikuwa za masafa ya megahezi 27, na kila mtu alibeba kristali zenye rangi: kahawia, nyekundu, njano na kadhalika. Kama mwenzako ana kristali ya rangi moja na yako, mmoja anasubiri au magari yote mawili yanapata wazimu.

Katikati ya mbio hizo, mwaka wa 1981, Tamiya walitoa kitu tofauti: pikapu ya Toyota yenye ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za mabamba kama za gari halisi, na giaboksi ya gia tatu uliyobadilisha kwa rimoti. Halikuwa gari la mbio. Lilikuwa gari la kutembea. Kama kuna babu wa magari ya njia mbovu ya leo, ni hili, pamoja na ndugu zake Blazing Blazer wa 1982 na Bruiser wa 1985.

Sasa nifike kwa yule aliyenifanya nicheke peke yangu usiku. Mwaka wa 1982 Tamiya walitoa Wild Willy, mfano wa Jeep ya kijeshi ya M38 ukiwa na dereva mnene wa plastiki kwenye usukani. Mota iko nyuma, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoendesha, na umbali wa ekseli ni mfupi sana. Ukikanyaga moto, pua inaenda juu! Matoleo ya kwanza yalikuwa mafupi, na baadaye chasisi ikarefushwa. Wanaokusanya magari haya mpaka leo wanatenganisha Wild Willy fupi na Wild Willy ndefu, na ile fupi ndiyo inayotafutwa zaidi. Jina lilirudi tena kama Wild Willy 2 na safari hii kuinua pua ndiyo ikawa biashara yenyewe.

Kwa hivyo miaka mingi kabla yangu kulikuwa na wahandisi Shizuoka walioona gari fupi likisimama kwa miguu ya nyuma, nao wakaongeza milimita. Nilijisikia nafuu kidogo.

Kwa nini yalikuwa marefu nilipoyakuta

Magari ya kupanda mawe hayakuanzia kiwandani. Yalianzia kwa watu waliochoka na mbio. Mwaka wa 1987 Tamiya walitoa Clod Buster, gari la magurudumu makubwa lenye mota mbili, moja kwenye kila ekseli. Kufikia miaka ya 2000 wapenzi wa Marekani walikuwa wanazing'oa ekseli hizo, wanazifunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, na kuziunganisha na fremu walizojikatia wenyewe kwa bati la aluminiamu. Gari likaweza kupanda mwamba ambao mtu mwenyewe angeukwepa.

Mashindano yakaanza, na mashindano huleta kanuni. Kwa daraja la rimu za inchi 2.2, umbali wa ekseli uliwekewa kikomo cha inchi 12.5, yaani karibu milimita 318. Unajua tabia ya watu na vikomo: ukiweka kikomo, kila mtu anaenda kusimama pale pale kwenye mstari. Kampuni zilipoanza kuuza magari ya kupanda mawe yaliyo tayari, kama AX10 ya Axial mwishoni mwa muongo huo, yalikuwa ya urefu huo. SCX10 iliyofuata, yenye sura ya gari la kweli, ilikaa kwenye milimita 313 hivi. Traxxas TRX-4 ya mwaka wa 2017 ilivaa bodi ya Land Rover Defender 110 ikiwa na milimita 324.

Kuna sababu nyingine: tairi. Tairi la Land Rover la zamani lina kipenyo kama cha milimita 800, kwa hivyo kwa kipimo cha moja kwa kumi lingekuwa milimita 80. Lakini matairi yanayouzwa kwa magari haya mara nyingi hupita milimita 100, kwa sababu tairi kubwa hupanda vizuri. Ukiweka tairi kubwa kuliko kipimo, lazima urefushe gari ili matairi yasigusane na milango. Gari linavimba pole pole.

Waliobaki na magari mafupi walikuwa wachache. Tamiya CC-01 ya miaka ya 1990, iliyovaa bodi kama Mitsubishi Pajero, ilikuwa na umbali wa ekseli wa milimita 242. Ikumbukeni namba hiyo.

Magari halisi nayo yanasema nini?

Hapa ndipo nilipopata somo ambalo sikulitarajia. Nilichukua karatasi nikaandika vipimo vya magari mafupi mashuhuri.

Jeep ya Willys ya vita, 1941: inchi 80, yaani milimita 2032. Land Rover ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948: inchi 80 vilevile, wala si ajabu, kwa sababu Maurice Wilks na wenzake walijenga gari la majaribio juu ya chasisi ya Jeep. Kisha Land Rover ikawa inchi 86, kisha 88, na ile tunayoiita Defender 90 si 90 kamwe. Ni inchi 92.9, yaani milimita 2360. Jeep ya kiraia CJ-5 ilianza na inchi 81 miaka ya 1950, na CJ-7 ya 1976 ilikuwa imepita inchi 93. Suzuki Jimny ya kwanza ya 1970 ilikuwa milimita 1930. Ya 2018 ni milimita 2250.

Mnaona? Kila gari fupi, likikaa sokoni, linarefuka. Hakuna hata moja katika orodha yangu lililofupishwa. Mimi, kijana wa shahada ya sayansi ya tarakilishi, na msumeno wangu, nilikuwa naenda kinyume cha miaka sabini na zaidi ya uhandisi.

Lakini pia hakuna aliyeacha kutengeneza magari mafupi. Kuna sababu, na hapa Kenya tunaijua vizuri. Katika Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 ili kuchanga pesa za kuzungushia misitu ya Aberdare ua (ua wenyewe, wa kilomita 400 hivi, ulikamilika 2009), mshindi si mwenye kasi. Mshindi ni aliyepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Ukikutana na korongo unaweza kulizunguka na kupoteza kilomita, au ulivuke. Gari refu likifika ukingoni linakwama tumbo. Gari fupi linapita.

Hesabu

Haya, tuweke namba. Chukua pembe ya kilele ambacho gari linaweza kuvuka bila tumbo kugusa. Kwa makadirio ni mara mbili ya arctan ya (mara mbili ya kimo cha tumbo, gawanya kwa umbali wa ekseli). Gari langu lilikuwa na kimo cha milimita 60. Likiwa na umbali wa 313, pembe ni digrii 42. Likiwa 236, ambayo ni Defender 90 gawanya kwa kumi, pembe ni digrii 54. Digrii 12 za bure!

Kugeuka: usukani ukifika digrii 40, njia ya gurudumu la mbele ina nusu kipenyo cha takriban milimita 487 kwa gari refu na 367 kwa gari fupi. Kwenye njia yenye mawe hiyo ni tofauti ya kupita moja kwa moja au kurudi nyuma mara tatu.

Hadi hapo nilikuwa nashangilia. Sasa bili. Gari likitazama juu kwenye mteremko, linaanguka chali pale kitovu cha uzito kinapopita nyuma ya ekseli ya nyuma. Pembe ni arctan ya (umbali wa kitovu cha uzito mbele ya ekseli ya nyuma, gawanya kwa kimo chake). Kitovu kikiwa katikati ya gari na kimo cha milimita 90, gari refu linafika digrii 60. Fupi linaishia 52.7. Na hiyo ni likiwa limesimama. Ukiongeza moto, linaanguka mapema zaidi.

Kuna bili ya pili ambayo sikuiona kabisa. Ukifupisha gari, propela nazo zinafupika. Giaboksi yangu ilikuwa milimita 40 juu ya mdomo wa difu. Propela ya milimita 110 inainama digrii 21. Ya milimita 65 inainama digrii 38. Krosi moja ikiinama hivyo haizungushi kwa kasi iliyo sawa: ndani ya kila mzunguko upande wa pili unachelewa na kuwahi mara mbili, na kwa digrii 38 kasi inacheza kati ya asilimia 79 na 127. Krosi ya upande wa pili husawazisha hilo ikiwa tu pembe zote mbili ni sawa. Zangu hazikuwa sawa. Gari lilikuwa linatetemeka kama lina malaria.

Nilijaribu kuponya kwa kodi

Msiniulize kwa nini, lakini mwandishi wa programu akiona gari linaanguka anafikiria programu. Nilichukua Arduino ndogo na kihisi cha MPU-6050, kile cha kupima mwinamo na mzunguko, nikakiweka kati ya kipokezi na kidhibiti mwendo. Wazo lilikuwa rahisi: pua ikiinuka haraka kupita kiasi, punguza mpigo wa moto kutoka 1700 kuelekea 1500. Niliandika mistari kama 140, nikachuja kelele za kihisi, nikarekebisha viwango usiku mbili. Nilijivunia sana.

Gari likaanguka kwa njia mpya. Kodi ilikuwa inafanya kazi yake: pua ilipoinuka, ilikata moto. Lakini moto ukikatwa kwenye mteremko, breki ya kidhibiti mwendo inashika, gari linasimama ghafla likiwa tayari limeegemea nyuma, na linabingirika. Kihisi kinaweza kuniambia kwamba naanguka. Hakiwezi kusogeza uzito.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja fundi wa Land Rover, jirani wa mjomba wangu, ambaye sasa amestaafu. Nilimpelekea gari nikiwa na aibu kidogo, maana ni kitu kama mwanasesere. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akalishika, akalipima mkononi, akaligeuza, akauliza, "Kijana wangu, betri umeiweka wapi?"

Nikamwambia, "Nyuma, mzee, juu ya ekseli. Ndipo palibaki nafasi."

Akacheka. "Sasa umebeba mizigo kwenye kabati la nyuma halafu unapanda mlima. Hata ile kubwa ingekuangusha. Toa mzigo nyuma, uweke mbele, uweke chini. Hiyo kompyuta yako iache ilale."

Nilitaka kubishana kidogo, halafu nikakumbuka kwamba mara zote kumi na moja hakuna hata moja aliyoiona, na bado alijua.

Kupima bila vifaa vya bei

Kupata mgawanyo wa uzito, weka magurudumu ya mbele juu ya mizani ya jikoni na ya nyuma juu ya kitabu chenye kimo sawa na mizani, soma, kisha geuza. Gari langu la kilo 2.6 lilikuwa na asilimia 47 tu mbele. Kupata kimo cha kitovu cha uzito, weka gari juu ya ubao, zuia magurudumu ya nyuma yasiteleze, inua ubao pole pole simu ikiwa juu yake inakusomea pembe, na uone linaanguka kwenye digrii ngapi. Pembe hiyo ukiiweka kwenye hesabu ya juu, kimo kinajitokeza chenyewe.

Kisha nikafanya kazi. Betri ya lithiamu niliitoa nyuma nikaiweka mbele ya mota, kwenye kijitanda kati ya reli za chasisi. Mota nikaigeuza iangalie mbele. Ndani ya rimu za mbele nilibandika vile vipande vizito ambavyo mafundi wa matairi hutumia kusawazisha magurudumu. Uzito ulio ndani ya rimu uko chini kabisa, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Giaboksi niliishusha milimita 10, nikazungusha difu kidogo ili pembe za krosi zilingane. Propela ikainama digrii 27 badala ya 38 na mtetemo ukaisha.

Kushusha giaboksi si bure. Kimo cha tumbo kilitoka 60 hadi 50, na pembe ya kuvuka kilele ikashuka kutoka 54 hadi 46. Bado ni zaidi ya 42 niliyoanza nayo, lakini zile digrii 12 za bure zilikuwa zimebaki nne.

Kwa upande wa kuanguka: uzito sasa ni asilimia 60 mbele, kimo cha kitovu ni milimita 78. Hesabu inatoa digrii 61. Gari fupi sasa linapanda sawa na lile refu lilivyokuwa, na linageuka kwenye nafasi ndogo zaidi.

Jambo la mwisho. Tairi za mbele zilikuwa zinasugua kwenye kingo za bodi usukani ukiwa umekatwa. Nilikuwa na njia mbili: kukata bodi, ambayo sikuwa na moyo, au kusogeza ekseli ya mbele. Nikaisogeza milimita sita. Piga hesabu mwenyewe: 236 na 6. Ni 242, umbali ule ule wa CC-01 ya Tamiya. Sikuipanga. Nilicheka sana, halafu nikanyamaza, maana nilikuwa nimetumia wiki tatu na mistari 140 ya kodi kufika karibu na mahali ambapo wenzangu walikuwa wamesimama tangu miaka ya 1990. Na kama Land Rover, Jeep na Jimny, gari langu fupi nalo limerefuka.

Je, nilipoteza muda? Sidhani. Leo unaweza kununua gari lililo tayari, ukalitoa kwenye boksi na kulichaji, na hakuna ubaya. Lakini lile gari la boksi lingenipa namba 242 bila kunieleza kwa nini. Vijana wanaotengeneza magari ya waya na vifuniko vya chupa wanajua hivi bila kufundishwa: gari la waya likipinduka, wanakunja waya upya.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye ule mteremko. Watoto walikuwepo, tayari kuhesabu. Gari lilipanda hadi juu mara tisa kati ya kumi. Mara ya kumi lilianguka, na mmoja wao akapiga kelele, "Moja!" Arduino iko kwenye droo. Nitaitafutia kazi nyingine, labda taa za kugeuka.

Aliye na gari kama hili, au aliyewahi kukata chasisi akajuta, aniandikie. Tukutane wiki ijayo, nikijaliwa.